Kavu Kau: Mhadhara juu ya Mfupa wa Waingereza

Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mstari wa mbele, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha:

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa somo la tafsiri aliniletea kazi yake. Nilikuwa nimempa hadithi fupi ya Kiingereza, kurasa kumi na moja, aigeuze iwe Kiswahili. Ukurasa wa pili tu nikakutana na sentensi hii: "Koo lake lilikuwa kavu kama mfupa." Nikashika kalamu nyekundu, nikaipigia mstari, nikaandika pembeni maneno mawili: mfupa gani?

Swali lile lilinipendeza kuliko lilivyostahili. Jioni nikamsomea shangazi yangu sentensi yenyewe. Shangazi ni Mpemba, umri wake wote umepita kwenye karafuu, na Kiingereza hakijui. Alikuwa kibarazani anachagua mchele. Akauweka ungo magotini. "Mfupa mkavu?" akauliza. "Basi huo umeshanyonywa."

Ndipo nilipojua nina mhadhara.

Kwa Mwingereza, kusema kitu ni kikavu kama mfupa ni kusema hakina hata chembe ya maji. Husema hivyo juu ya mto uliokata, kisima, shamba lisilopata mvua, nguo zilizotoka juani, keki iliyokaa tanurini muda mrefu, na koo la mtu mwenye kiu au hofu. Wameitumia mpaka imesagika. Siku hizi hawahitaji hata neno la kulinganisha: huunganisha mfupa na ukavu likawa neno moja, na msemaji akilitamka haoni mfupa wowote mbele ya macho yake. Ni kama sisi tunapomwambia mtu amelala kama pono. Wangapi humu ndani wamepata kumwona pono akilala?

Wana vipimo vingine pia, na kila kimoja kina kazi yake. Kitabu kinachochosha, hotuba isiyokwisha, mwalimu asiyejua kuwa darasa limesinzia: hivyo havilinganishwi na mfupa, hulinganishwa na vumbi. Sir Walter Scott alipotoa riwaya ya Ivanhoe mwishoni mwa 1819, aliitanguliza na barua ya kuitabaruku kazi hiyo kwa mwanachuoni wa kubuni aitwaye Dkt. Dryasdust, jina ambalo ukilifungua ni "mkavu kama vumbi" kwa urefu wake wote. Wataalamu wa mambo ya kale wamelibeba jina hilo mpaka leo, na wengine wetu tunalibeba bila kuambiwa.

Shakespeare naye hakuuhitaji mfupa. Katika Macbeth, mchawi anayetaka kumkausha baharia anachukua mfano wa nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo. Katika As You Like It, ubongo wa mcheshi mmoja unafananishwa na biskuti ya melini iliyobaki baada ya safari ndefu. Tazameni mifano hiyo inatoka wapi: mmoja ghalani, mwingine melini. Waholanzi husema kitu ni kikavu kama kizibo cha chupa. Waswidi hutaja ugoro, hasa kwa mtu au maandishi yasiyo na uhai. Wajerumani wana mfupa na vumbi vyote viwili. Waaustralia wana mfano wao wa dingo aliyekufa, ambao mbele ya wazee hawa sitautafsiri hadi mwisho.

Marekani mfupa uliingia hadi kwenye sheria. Mwaka 1917 Bunge lao lilipitisha kifungu kilichopendekezwa na Seneta James Reed wa Missouri, kilichozuia kusafirisha vileo kuingia katika majimbo yaliyopiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza. Watu wakakiita kifungu cha ukavu wa mfupa. Marufuku ya nchi nzima yakaanza Januari 1920 na yakafutwa Desemba 1933. Kwa miaka hiyo yote "mkavu" alikuwa mtu wa siasa, aliyepinga pombe, na mpinzani wake aliitwa "aliyelowa". Mtafsiri akikutana na maneno hayo asiende kutafuta taulo.

Kuna mahali pamoja ambapo mfupa wa Waingereza haujafa, napo ni kazini. Wafinyanzi wao wana hatua mbili za kukauka kwa udongo. Ya kwanza huiita ugumu wa ngozi: chungu kimeshika umbo, unaweza kukikata kwa kisu na kukibandika mkono. Ya pili ndiyo ukavu wa mfupa. Chungu kimebadilika rangi kikawa cheupeupe, ni chepesi, na ukikigusisha shavuni hakina ubaridi. Ubaridi ule ungekuwa habari, kwa maana ni maji ambayo bado yanatoka. Ukikiingiza motoni kikiwa bado na ubaridi huo, joto likipita nyuzi 100 maji yaliyojificha ndani ya ukuta wa chungu yanakuwa mvuke, yanatafuta njia, na chungu kinalipuka. Hata kile kikavu kabisa bado kina maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, yanayotoka tu joto likiwa limepita nyuzi 350 na kwenda hadi karibu 600. Kwa hiyo ule "ukavu wa mfupa" wa mfinyanzi si ukavu wa mwisho. Ni ukavu unaotosha kwa kazi iliyo mbele yake.

Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wanaofinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi kwenye soko la Matema, hawana habari na mfupa wa Waingereza. Lakini mkono wao unajua kitu kilekile. Chungu kilichoharakishwa kinapasukia motoni, na aliyekiharakisha anahesabu hasara yake.

Wauza miti nao wameufanya mfupa kipimo. Vipande vya mbao vya kutengenezea karatasi, huko Marekani, huuzwa kwa kizio kinachoitwa kwa jina hilohilo la mfupa mkavu: ratili 2,400 za mbao zilizohesabiwa kana kwamba hazina maji hata kidogo. Sampuli huwekwa kwenye tanuri la nyuzi 103 hivi mpaka uzito usishuke tena. Mnunuzi hataki kulipia maji. Hapo tashbihi imehama kutoka mdomoni kwa mshairi ikaingia kwenye stakabadhi ya malipo, na sioni aibu kusema kwamba naiona nzuri zaidi huko.

Sasa turudi kwa shangazi na mfupa wake ulionyonywa.

Mfupa ulio hai si mkavu. Ndani yake mna maji, mna damu, mna uboho. Ukaukao ni mfupa ulioachwa: nyama imekwisha, jua na upepo vimefanya kazi yao, umebaki mweupe kwenye nyasi. Mwingereza wa zamani, mfugaji wa kondoo na ng'ombe katika nchi ya manyunyu, aliuona mfupa huo malishoni, akauchonga vifungo, vitana na dadu. Ulikuwa kitu kikavu alichokishika mkononi. Lakini mfupa wa Mswahili huonekana kwanza kwenye sufuria. Tunaununua buchani kwa ajili ya supu. Tunagonga ncha yake sahanini mpaka uboho utoke, na mtoto anayepewa wa kwanza hujiona mfalme. Makongoro huuzwa alfajiri kwa wanaotaka nguvu. Mfupa kwetu una kitu ndani, na ukavu wake ni kazi ya mtu aliyetangulia.

Hata katika misemo yetu mfupa ni wa kupambana nao, au wa kutamani. Mfupa uliomshinda fisi, nani mwingine atauweza? Wanasiasa wetu wanaupenda huo kupita kiasi. Aliyekonda tunasema amebaki mifupa mitupu, na hapo tunalalamikia nyama iliyokwenda, ukavu hatuutaji.

Na kuna jambo la ibada. Mkristo akisikia "mifupa mikavu" anakwenda moja kwa moja kwenye bonde la Ezekieli, sura ya 37, ambako mifupa inaungana, inavikwa nyama na kupewa pumzi. Mwislamu, katika Sura Yasin, anakutana na anayeuliza kwa dharau ni nani atakayeihuisha mifupa iliyokwisha oza. Vitabu vyote viwili vinautaja mfupa ili kuzungumzia kufufuliwa. Sikio lililolelewa hivyo, likiambiwa soksi zimekauka kama mfupa, linashituka kidogo. Soksi hazistahili uzito huo.

Ajabu ni kwamba Biblia hiyohiyo ina kipimo kingine cha ukavu ambacho msomaji wa Kiswahili hukipokea bila kushituka. Zaburi ya 22 inazifananisha nguvu zilizokauka na gae. Gae tunalijua. Limezagaa nyuma ya kila nyumba iliyowahi kuwa na mtungi. Ukiokota gae la mtungi wa zamani unashika kitu ambacho kazi yake yote ilikuwa kukaa na maji, na sasa hakina. Ningekuwa natafuta mfano wa koo kavu, pale ningepiga hodi.

Hata hivyo Kiswahili mara nyingi hakitafuti mfano. Nguo zikikauka barabara tunasema zimekauka kau, na maneno yamekwisha. Kau ni sauti, na ndani yake hamna picha yoyote. Wataalamu wanayaita maneno kama hayo viigizi, na kule Kenya wanafunzi wanayajua kama tanakali za sauti: nyeupe pe, nyeusi ti, giza totoro, kimya jii, kulala fofofo, kulowa chapachapa, kujaa pomoni, kutumbukia majini chubwi. Kila moja imeoana na neno lake na haikubali talaka. Huwezi kusema nyeupe ti. Mgeni akijifunza kauli hizi huhangaika kutafuta maana ya "pe" peke yake, na haipo. Mwingereza akitaka kufikia ukomo wa kitu anatoka nje kwenda kuokota kitu kingine cha kulinganishia. Sisi tunapiga kitu chenyewe mpaka kilie.

Hebu nilisikilize hilo kau vizuri kidogo. Linafanana na mzizi wa kauka, kana kwamba kitenzi kimekatwa mkia kikabaki na mfupa wake. Samahani, nimeutumia mfupa. Mnaona ulivyo mjanja.

Tena Kiswahili kinapenda kitenzi pale Kiingereza kinaporidhika na sifa. Mwingereza husema koo lake ni kavu. Sisi tunasema koo limemkauka, mate yamemkauka. Mtu yumo ndani ya tukio, jambo limempata, na kabla yake koo lilikuwa na mate. Tunasema mboga imekaukia jikoni kwa sababu mpishi alikwenda kupiga soga, na nguo imemkaukia mwilini kwa sababu hana ya kubadilisha. Silabi moja tu inabeba umaskini mzima. Na kuna jozi ninayoipenda kuliko zote: kuanika na kuanua. Unaanika nguo zikauke, unaanua mvua ikinyemelea. Kiingereza hakina neno moja la kuanua. Labda nchi yao haiwapi nafasi ya kuanika kwa matumaini kiasi hicho, au labda mimi nawaonea.

Je, hatuna mifano ya ukavu kabisa? Tunayo, ila imekwenda kufanya kazi nyingine. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Mtu akiambiwa amekuwa kama ng'onda, amekonda, mbavu zinahesabika. Kuti kavu ni la mkwezi. Kuti bichi linashika, ila lililokauka hubanduka bila taarifa, na mnazi ni mrefu. Ndiyo maana kila msimu wa ligi, timu ikifungwa mara tatu mfululizo, gazeti la Dar es Salaam linaandika kwamba kocha amekalia kuti kavu. Wengi wa wasomaji hao hawajawahi kupanda mnazi, lakini wanalisikia likilia chini ya kocha. Nalo kuti kavu kuanguka si ajabu, walisema wazee, kwa hiyo kocha asijifanye hakuambiwa.

Kuna na dagaa kauzu, wale waliokaushwa bila mafuta wala chumvi, bei yao ya wanyonge. Vijana wa mjini wamelichukua jina wakampa mtu. Mtu kauzu hacheki ovyo, habembelezeki, hatoi. Ukimwomba nauli anakutazama. Kutoka hapo mnafika kwenye ukavu wa uso. Mwenye uso mkavu au macho makavu hana haya: anakudanganya huku anakutazama, na machoni pake hapatikani unyevu wa aibu. Na mtu akikuambia ukweli bila kuupaka asali, amekupa makavu. "Alimpa makavu laivu," wanasema, na mnajua kwamba hakuna aliyetoka pale akitabasamu.

Hapa ndipo watafsiri wanapoteleza vibaya. Waingereza wana aina ya mzaha wanaouita mkavu: mtu anasema jambo la kuchekesha bila kubadilisha sura, sauti yake ile ile ya kusoma taarifa ya hali ya hewa, na wewe unacheka dakika mbili baadaye ukiwa njiani. Kwao hiyo ni sifa kubwa. Nimesoma tafsiri iliyomsifu mzee mmoja wa watu kuwa na "utani mkavu", na nikadhani mzee hana adabu. Bora kuandika kwamba alitania bila kucheka. Urefu wa maneno hauui tafsiri.

Hotuba inayochosha nayo, ile ya vumbi, kwetu si lazima iwe kavu. Haina chumvi, haijakolea, haikunoga. Tunaipima hotuba kwa ulimi wa mlaji. Mkiona yangu imeanza kukosa chumvi, Mwenyekiti ana kengele.

Neno ninalotaka mlitafakari zaidi ni chai kavu. Mgeni akitafsiriwa maneno hayo anacheka: chai ni maji, inakuwaje kavu? Lakini nenda nyumba yoyote mwisho wa mwezi. Kikombe kimejaa, sukari imo, na pembeni hapana mkate, hapana chapati, hapana kiazi. Hiyo ni chai kavu. Ugali mkavu ni ugali usio na mboga. Ukavu hapo hauhusiani na maji hata kidogo. Kilichokosekana ni mwenziwe. Na kabla hamjamcheka Mwingereza kwa mfupa, kumbukeni naye ana mvinyo anaouita mkavu, na mvinyo ni kinywaji. Mvinyo wake umekosa sukari, chai yetu imekosa kitafunio. Lugha mbili zilizokua mbali zimefika mahali pamoja: kikavu ni kile kilichopungukiwa na kitu ulichokitazamia. Nadhani huu ndio moyo wa neno lenyewe, na maji ni mfano mmojawapo tu, ingawa ndio wa kwanza.

Nimesema maneno mengi ya kuchezea, basi niseme na yasiyo ya mchezo. Kuna kazi ambazo kau haitoshi, na mfupa hautoshi pia.

Karafuu mbichi ikichumwa na kuchambuliwa kutoka kwenye makonyo, huanikwa juu ya majamvi siku kadhaa. Inakuja na rangi ya kijani na wekundu, inaondoka na rangi ya kahawia. Ikikauka imepoteza karibu theluthi mbili ya uzito, yaani kilo tatu zinakupa moja. Shangazi huijua kwa kucha: karafuu iliyokauka inavunjika, iliyo mbichi inapinda. Huijua kwa sikio pia, kwa kuwa ukizichota kiganjani na kuzitikisa zinalia. Wingu likitokea upande wa Wete, watoto wote wa nyumba huitwa kuanua, na anayechelewa hasahau siku hiyo. Karafuu iliyorudiwa na mvua juu ya jamvi inavunda, inapata ukungu, na mnunuzi ana macho.

Mahindi ni makali zaidi. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi, kuvu inaota, na kuvu hiyo inazaa sumukuvu, ambayo haionekani, hainuki na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 balaa hilo lilifika Dodoma na Manyara. Waliohifadhi mahindi yale waliyaona makavu. Kwa macho, kwa mkono, hata kwa jino, mahindi ya asilimia 16 yanaweza kukudanganya yakawa makavu kau.

Kuna kipimo cha mkulima asiye na mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi, tia chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isipoganda, uko salama zaidi. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi wangu wa fasihi kipimo hicho darasani, na mmoja akauliza kina uhusiano gani na tashbihi. Nikamjibu kwamba chupa ile nayo inasema "kama", ila inasema kwa uaminifu.

Nikaribie mwisho, na kwa haki itabidi nijitie kalamu nyekundu mwenyewe.

Nimezungumza muda wote kana kwamba Kiswahili kina mwambao tu, minazi na karafuu. Lakini kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Aliyekuwa Marsabit, Wajir au Turkana miaka ile alipita kando ya mizoga ya ng'ombe, halafu kando ya mifupa, kilomita kwa kilomita. Msemaji huyo wa Kiswahili akikuambia kisima kilikauka kama mfupa, hajaiga kwa Mwingereza. Ameona. Swali langu "mfupa gani?" angelijibu kwa kunyoosha kidole.

Na yule mwanafunzi wangu? Alikuja ofisini na karatasi zake mkononi, ametulia, si kauzu ila karibu. "Mwalimu," akaniuliza kwa adabu, "umeufikia ukurasa wa tisa?"

Nilikuwa nimeishia wa nne.

Hadithi ile ilitokea Uingereza, kiangazi cha 1976. Nchi ya manyunyu ilikosa mvua mpaka Bunge likatunga sheria ya ukame, na watu wa sehemu nyingine wakawa wanateka maji kwenye mabomba ya barabarani kama sisi. Mwezi Agosti serikali ikamteua Denis Howell kuwa Waziri wa Ukame, na siku chache baadaye mvua ikashuka kwa kishindo, jambo ambalo limewafurahisha Waingereza hadi leo. Ukame wa namna hiyo hufichua mambo. Katika bwawa la Ladybower, jimbo la Derbyshire, magofu ya kijiji cha Derwent kilichozamishwa miaka ya 1940 hujitokeza maji yakipungua sana, kama ilivyokuwa 2018 na 2022. Kijana wa hadithi yetu, ambaye koo lake ni kavu kama mfupa kwenye ukurasa wa pili, anateremka kwenye bwawa la namna hiyo kutafuta tope lenye maji. Kwenye ukurasa wa tisa anakuta mifupa ya kondoo, myeupe, kwenye udongo uliopasuka, na anakaa chini kando yake kwa sababu hana nguvu za kurudi.

Mwandishi alikuwa ameutia mfupa kooni mwake kurasa saba kabla. Ulikuwa umelala ndani ya msemo uliochakaa, hakuna aliyeushuku. Mimi na kau yangu tungeutoa, na kijana angefika bwawani bila yeyote aliyemtangulia.

Nikachukua kalamu nyingine, nikafuta mstari wangu, nikaandika: iache.

Jioni nikamweleza shangazi kisa chote, ukame, bwawa na kijana. Alisikiliza bila kuacha kazi yake. "Ungesema toka mwanzo kuwa ni wa kondoo," akasema, akamwaga mawe aliyoyatoa kwenye mchele.